Je, masafa haya yana mtu?

Ukipanda daladala ukakuta kiti kitupu chenye mkoba juu yake, huketi tu. Unauliza kwanza: "Samahani, hapa pana mtu?" Kuna watu duniani wanaouliza swali hilohilo hewani, tena mara mbili, kabla ya kusema neno lingine lolote. Ni wapenzi wa redio ya ridhaa. Neno "ridhaa" hapa ni lilelile la ndondi za ridhaa: mtu anafanya kwa mapenzi yake, halipwi, na kwa sheria haruhusiwi hata kufanya biashara kwa redio hiyo. Ana leseni ya serikali, ana mtambo wa kurushia mawimbi, na ana jina la wito linaloanza na herufi za nchi yake. Tanzania ni 5H, Kenya 5Z, Uganda 5X, Burundi 9U.

Leo nakuletea hobi hii kwa sababu moja. Kabla hujaingia grupu la kwanza la WhatsApp maishani mwako, watu hawa walikuwa wameshakaa miongo mingi kwenye "grupu" moja la dunia nzima, lisilo na kitufe cha kumtoa mtu. Ukitaka kujua adabu inafanyaje kazi pale ambapo hakuna admini, anzia kwao.

Tuanze na hesabu kidogo. Mkanda unaopendwa sana na wanaridhaa, ule wa mita 20, unaanzia kilohezi 14,000 hadi 14,350. Ni upana wa kilohezi 350 tu. Mazungumzo ya sauti yanakula takriban kilohezi 3. Gawanya mwenyewe: hata mkanda wote ungekuwa wa sauti, mazungumzo yanayoweza kukaa bila kugongana hayafiki 120. Na si wote wa sauti, maana sehemu moja imeachiwa msimbo wa Morse na mawasiliano ya kompyuta. Sasa kumbuka kwamba mawimbi haya yanavuka bahari. Mtu wa Mbeya, mtu wa Roma na mtu wa Osaka wote wanagombea viti hivyohivyo.

Kwa hiyo unasikiliza kwanza. Ukisikia kimya, basi pako wazi, si ndiyo?

Hapana. Na sababu ni fizikia tupu.

Mawimbi ya mkanda huu yakitoka kwenye antena yanakwenda kwa njia mbili. Yapo yanayotambaa juu ya ardhi, nayo hufifia baada ya makumi ya kilomita. Mengine yanapanda hadi ionosfea, tabaka la juu la anga ambalo mionzi ya jua imezing'oa elektroni kutoka kwenye atomi zake. Huko hupindwa na kurudishwa chini. Lakini yale yanayopanda karibu wima hayapindwi vya kutosha. Yanapenya na kupotelea angani. Yanayorudi ni yale yaliyopanda kwa mshazari, na yanatua mbali, mara nyingi kilomita elfu moja na zaidi. Kati ya pale mawimbi ya ardhini yanapoishia na pale mawimbi ya angani yanapotua, panabaki pete kubwa ambayo humo hakusikiki kitu.

Chukua mfano. Wewe uko Dar es Salaam. Kuna mwenzako yuko Dodoma, anaongea na mtu aliyeko Italia. Mtaliano anamsikia wa Dodoma vizuri kabisa, na akisema yeye, nawe unamsikia. Ila sasa ni zamu ya Dodoma kuongea. Dodoma iko ndani ya pete yako ya ukimya. Unafungua redio na husikii chochote, ukadhani umepata kiti. Ukianza kuita, unamwangukia yule wa Dodoma masikioni mwa Mtaliano, na wewe huna habari kabisa. Hukufanya jeuri wala hukumwona mtu wa kumkanyaga.

Ndiyo maana kusikiliza peke yake hakutoshi, lazima uulize. Kwa sauti unauliza kama masafa yanatumika; kwa Morse unatuma herufi tatu, QRL, na alama ya kuuliza. Unasubiri sekunde kadhaa, unauliza tena. Ule muda wa kusubiri unamsaidia Mtaliano, maana ndiye pekee anayewasikia nyote wawili, naye anahitaji upenyo wa kujibu. Akisema "yanatumika", unashukuru na kuhama. Hakuna mjadala. Mimi napenda sana kanuni hii kwa sababu haimhukumu mtu kuwa mbaya. Inachukulia kwamba huyu mgeni haoni, inampa njia ya kuona, basi.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Marekani ya mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa na vijana waliojitengenezea mitambo nyumbani na kurusha walivyotaka, hata juu ya mawasiliano ya jeshi la majini. Aprili 1912 Titanic ikazama, na Agosti mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya kuwataka wawe na leseni, ikiwasukumia kwenye mawimbi ya mita 200 kushuka chini. Wataalamu wa siku zile waliyaona mawimbi hayo mafupi hayana faida, yaani wanaridhaa walitupwa jalalani. Kumbe jalala lilikuwa na dhahabu: mwaka 1923 mwanaridhaa wa Ufaransa na mwenzake wa Marekani waliwasiliana moja kwa moja kuvuka Atlantiki kwa mawimbi ya mita mia moja na kitu.

Dhahabu ikiibuka, watu hujaa. Hiram Percy Maxim, mmoja wa waasisi wa chama cha wanaridhaa wa Marekani mwaka 1914, alikuwa akiandika makala za kunung'unikia uchafuzi wa masafa akijiita "Mzee". Kutokana na makala hizo kikazaliwa chombo cha kutesea watovu wa adabu, Wouff Hong, vipande viwili vya mbao vilivyofungwa kwa waya, ambacho matumizi yake yaliachwa gizani kwa makusudi. Ni utani, ndiyo, lakini kipo kwenye makao makuu ya chama hadi leo. Mwaka 1928 mwanasheria Paul Segal akaandika kanuni ya mwanaridhaa, na jambo la kwanza ndani yake ni kuwajali wengine.

Sasa twende penye moto. Stesheni ya nchi adimu ikiingia hewani, tuseme mgeni amefunga antena Bujumbura na anaita kwa 9U, mamia ya watu huitikia kwa pamoja. Wote wakiitikia juu ya masafa yake, watamfunika na hakuna atakayemsikia akijibu. Kwa hiyo yeye hutangaza kwamba anasikiliza pembeni, kwa mfano kilohezi 5 juu. Anayesikiliza kabla ya kuita anaelewa. Asiyesikiliza anaita palepale, juu ya 9U.

Hapo ndipo hutokea polisi. Hakuna aliyewaajiri. Mtu mmoja kakosea kwa sekunde mbili, watu watano wanamrukia: "Juu! Juu! Wewe, nenda juu!" Wanasemea wapi? Palepale juu ya masafa ya 9U. Kosa la sekunde mbili linageuka kelele ya dakika nzima, na 9U hasikiki tena. Wanaridhaa wenyewe wanalifahamu tatizo hili vizuri. Mkosaji mmoja anaweza kuvumilika, ila warekebishaji wake wanaua masafa.

Je, tukatae adhabu kabisa? Sayansi haisemi hivyo. Mwaka 2002 Ernst Fehr na Simon Gächter walichapisha jaribio walilofanya na wanafunzi huko Zürich. Watu wanne wanapewa pesa, kila mmoja anaamua achangie kiasi gani kwenye mfuko ambao faida yake inagawanywa sawa, hata kwa asiyechangia. Bila adhabu, michango inaporomoka. Ukiwaruhusu kuadhibiana (unatoa 1 yako, mwenzako anapoteza 3), michango inapanda. Watu waliadhibu hata walipojua hawatakutana tena na yule waliyemwadhibu.

Nzuri, ila kuna sehemu ya pili. Mwaka 2008 Gächter, Benedikt Herrmann na Christian Thöni walitoa matokeo ya mchezo wa aina hiyo katika miji 16, ikiwemo Boston, Athens na Muscat. Kusini mwa Sahara hawakufika hata mji mmoja, jambo linaloudhi. Katika baadhi ya miji hiyo, Athens na Muscat ikiwemo, watu walikuwa wakiwaadhibu hata waliochangia vizuri. Pale ambapo hilo lilishamiri, adhabu haikupandisha ushirikiano. Rungu lilikuwa lilelile, lakini matokeo yalikuwa tofauti.

Elinor Ostrom, aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2009, alichunguza watu wanaotumia kwa pamoja mifereji, malisho na maeneo ya uvuvi bila kuyamaliza. Aliona kwamba jumuiya zinazodumu huanza na adhabu ndogo sana, huku zikiongeza kidogo kidogo kwa anayerudia, na wanaosimamia ni watumiaji wenyewe au watu wanaowajibika kwao. Wale watano wanaopiga kelele juu ya 9U wameruka hatua zote, na hawawajibiki kwa yeyote.

Kuna njia ya bei rahisi zaidi: sema kanuni mapema. J. Nathan Matias alilijaribu hili kwenye jumuiya kubwa ya mijadala ya sayansi ndani ya Reddit, na matokeo yakatoka mwaka 2019. Katika mijadala 2,190, baadhi waliweka kanuni juu kabisa pale mgeni anapoziona, mingine hawakuweka. Palipokuwa na kanuni, uwezekano wa mgeni kuzifuata uliongezeka kwa zaidi ya pointi 8 za asilimia, na, hapa ndipo nilipofurahi, idadi ya wageni walioshiriki ilipanda kwa wastani wa asilimia 70. Wengi tungedhani kanuni zinafukuza watu. Kwa hiyo wewe admini wa grupu la wafuga njiwa au wapiga picha, ile orodha ya masharti uliyoificha kwenye maelezo ya grupu, ambayo unaikumbuka tu siku ya kumtoa mtu, iweke mlangoni. 9U mwerevu hufanya hivyohivyo: hurudia "nasikiliza 5 juu" kila baada ya majibu machache, akijua kila dakika kuna mtu anayefungua redio upya.

Halafu yupo anayeharibu kwa makusudi. Huyu hataji jina lake la wito. Ushauri wa wakongwe ni kutomjibu hata neno moja, wala kumtaja. Anarusha kelele ili asikie watu wamekasirika, na kila anayejibu anampa malipo. Wakati huohuo, walio na antena zinazozunguka wanaweza kupima mwelekeo wake kimyakimya na kuipa taarifa mamlaka.

Usidhani haya yote ni ya kuchezea tu. Desemba 2004 kikundi cha wanaridhaa wa India kikiongozwa na Bharathi Prasad kilikuwa Port Blair, visiwa vya Andaman, mahali palipotafutwa sana na wanaridhaa wa dunia. Tarehe 26 ikaja tsunami. Simu zikakatika. Mchezo ukasimama saa ileile, na mitambo yao ikawa njia ya kupeleka habari bara: nani yuko hai, nini kinahitajika. Katika hali kama hiyo, anayesikiliza kutoka mbali hatakiwi kujitolea, kuuliza wala kusalimia. Anatakiwa kuacha masafa wazi, na kusema pale tu anaposikia ujumbe ambao mhusika hakuupata.

Ukitaka kusikia mwenyewe, huhitaji leseni wala mtambo. Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, kina kipokeo kinachotumika bure kwa intaneti, tafuta WebSDR. Kiweke kwenye kilohezi 14,195 wakati wa mchana, chagua USB, na usubiri. Mtu akiuliza kama masafa yanatumika, hesabu sekunde anazosubiri kabla ya kuuliza tena.