Kwa Nini Ndege ya Shamba Huanguka Inapogeuka

Nzige wa jangwani walipoingia Kenya mwishoni mwa Desemba 2019, Meru na Embu zilikuwa miongoni mwa kaunti zilizovamiwa ndani ya wiki chache, na ndege za kunyunyizia dawa zikawa silaha kuu dhidi yao. Mkulima wa mtama wa Ishiara, huko Embu, ana adui mwingine wa mabawa, kwelea kwelea, ambaye hunyunyiziwa jioni anaporejea kulala, mwanga ukififia. Kazi zote mbili humlazimu rubani kuruka karibu sana na ardhi. Anayeishi kando ya mashamba ana haki ya kujua kinachoweza kuiangusha ndege hiyo.

Kazi ya kunyunyizia dawa kwa ndege ilianzia jeshini. Tarehe 3 Agosti 1921, Luteni John Macready wa jeshi la Marekani alirusha ndege ya mafunzo, Curtiss Jenny, juu ya miti karibu na Troy, Ohio, akiwamwagia viwavi unga wa sumu. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, ndege nyingi za mafunzo ya kijeshi ziliuzwa kwa bei nafuu: Boeing Stearman huko Marekani, Tiger Moth huko New Zealand. Zote zina jozi mbili za mabawa, moja juu ya nyingine. Mafundi waling'oa kiti cha mbele wakaweka tangi la dawa au mbolea, rubani akabaki nyuma.

Jozi mbili za mabawa huiwezesha ndege kwenda polepole na kugeuka mahali padogo, jambo linalofaa shambani. Lakini nguzo na nyaya zinazoyashikanisha mabawa hayo hukinzana na hewa, kwa hiyo injini ikizima ndege hushuka upesi. Tena tangi la petroli la Stearman limo katika bawa la juu. Likipasuka katika ajali, petroli humwagika karibu na injini yenye moto.

Hatari kubwa huwa mwisho wa shamba. Hapo rubani hupanda kidogo, huilaza ndege upande, kisha hugeuka ili arudi kwenye mstari unaofuata. Ikilazwa nyuzi 60 bila kushuka, mabawa hubeba mara mbili ya uzito wake. Ndege ambayo ingeendelea kuelea kwa kilomita 90 kwa saa ikienda moja kwa moja, sasa huhitaji takriban 127. Mwendo ukipungua hapo, hewa huachana na mgongo wa bawa, nguvu ya kuinua hupotea ghafla, na pua hudondoka. Kila rubani amefundishwa la kufanya: ashushe pua ili mwendo urudi. Kwenye kimo cha mita 600, hilo ni zoezi la wanafunzi. Kwenye mita 40, ardhi hufika kwanza.

Joto la nyanda za chini za Mbeere, iliko Ishiara, huzidisha tatizo. Uwanja ulio mita 900 juu ya usawa wa bahari, hewa ikifika nyuzi 32 za Selsiasi, huipa ndege hewa nyepesi kama ya mita 1,700. Injini hupungukiwa nguvu na mabawa hushika hewa kidogo, ilhali tangi limejaa. Ndiyo maana wamiliki wengi wa Stearman waliondoa injini ya nguvu za farasi 220 wakaweka ya 450. Ndege zilizobuniwa mahususi kwa shamba zina mlango wa kumwaga mzigo wote kwa sekunde chache, na nyingi zina visu vya kukata nyaya.

Hata hivyo, waya wa umeme ni mgumu kuuona kutoka angani. Rubani hutambua nguzo kwanza, na nguzo iliyofichwa na mti haimpi onyo lolote.

Ndege ikianguka, piga simu 999 au 112. Simama upande unakotoka upepo na usiwashe moto. Dawa ya kwelea kwelea hupenya ngozi: anayemwokoa rubani asiiguse kwa mikono mitupu, amvue nguo zilizolowa, na wote waoge kwa sabuni. Mbuzi waondolewe, wala pipa lolote la dawa lisichukuliwe. Vyuma viachwe vilipo, kwa kuwa namna propela ilivyopinda huwaonyesha wachunguzi kama injini ilikuwa na nguvu ilipogonga ardhi.

Lakini kinga yenye nguvu zaidi huwekwa kabla ya ndege kupaa. Rubani wa shamba hana kimo cha kurekebisha kosa, hivyo maamuzi yake mengi lazima yafanyike akiwa chini: mzigo kiasi gani, saa ngapi, ageukie upande upi. Maswali hayo hayajibiki vizuri bila wenyeji. Chifu, afisa wa kilimo na wakulima watembee naye shambani, wamwonyeshe kila nguzo na kila waya uliovutwa karibuni. Wakulima wa Ishiara wadai matembezi hayo kila ndege inapotumwa kwao.