Mlinzi Mmoja Akilala: Nani Humlinda Mkopaji Marekani?

Tuanze na hesabu ndogo. Mtu anakopa dola 300 kwa wiki mbili, mpaka mshahara utoke. Ada ni dola 15 kwa kila dola 100, kwa hiyo wiki mbili zikiisha anatakiwa kurudisha dola 345. Ukiisikia haraka haraka, haitishi. Shida ni kwamba siku ikifika hana 345, ana 45 tu. Analipa ada, anaomba wiki mbili nyingine. Akifanya hivyo mara kumi, yaani kama miezi mitano hivi, atakuwa ameshatoa dola 450 na bado anadaiwa dola 300 zile zile. Ukiipigia hesabu ya mwaka mzima, riba hiyo inafika karibu asilimia 390.

Kwa msomaji wa hapa chuoni hilo halihitaji maelezo marefu. Ni kausha damu yenyewe, na aliyewahi kukopa akisubiri bumu anajua inavyonyonya. Marekani wanauita mkopo wa siku ya mshahara. Lakini kuna jambo moja la ajabu. Jimboni New York, mkopeshaji asiye benki akitoza zaidi ya asilimia 25 kwa mwaka anaweza kushtakiwa kwa jinai. Jimboni Texas, mikopo ya aina hiyo hiyo inatolewa madukani, bango liko nje, taa zinawaka. Nchi moja, sarafu moja, rais mmoja. Inakuwaje huku ni jinai na kule ni biashara?

Serikali mbili, leseni mbili

Jibu liko kwenye namna nchi ile ilivyojengwa. Majimbo 50 ya Marekani hayafanani na mikoa yetu. Kila jimbo lina bunge lake, mahakama zake na Mwanasheria Mkuu wake, ambaye katika majimbo mengi anachaguliwa kwa kura. Jimbo ndilo linalotoa leseni kwa wakopeshaji wake na kupanga riba isizidi ngapi. Juu yake kuna serikali ya shirikisho, iliyoko Washington.

Mwaka 1863, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuanzisha benki za kitaifa, ambazo leseni yake inatoka Washington, pamoja na ofisi ya kuzisimamia inayojulikana kwa kifupi kama OCC. Tangu hapo kuna benki za aina mbili: zenye leseni ya jimbo na zenye leseni ya shirikisho. Na benki yenyewe ndiyo inayochagua ikae upande gani. Hebu fikiria mwanafunzi aruhusiwe kuchagua nani amsahihishie mtihani!

Kuchagua huko kulizaa matunda mwaka 1978. Benki moja ya Omaha, jimboni Nebraska, ilikuwa inawapa wakazi wa Minnesota kadi za mkopo kwa riba kubwa kuliko iliyoruhusiwa Minnesota. Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba benki ya kitaifa inaweza kutoza riba ya jimbo ilikojisajili, hata kama mteja anaishi jimbo jingine. Mabenki yakaelewa somo mara moja. South Dakota ilipoondoa ukomo wa riba mwaka 1980, Citibank ikahamishia biashara yake ya kadi katika mji wa Sioux Falls. Delaware nayo ikalegeza sheria zake mwaka 1981. Kuanzia hapo, jimbo dogo lenye watu wachache likawa linaamua riba ya kadi iliyoko mfukoni mwa mtu anayeishi maelfu ya kilomita kutoka hapo.

Kumbe hata South Dakota kwenyewe watu walichoka. Mwaka 2016 wapiga kura wake walipitisha ukomo wa asilimia 36 kwa wakopeshaji wenye leseni ya jimbo, wakiwemo wa mikopo ya siku ya mshahara. Ila mabenki hayakuguswa.

Majimbo yalipofungwa mikono

Mwishoni mwa miaka ya 1990, mikopo ya nyumba yenye masharti ya kinyonyaji ilianza kuenea. Waliouona moshi mapema walikuwa majimbo. North Carolina ilitunga sheria ya kuidhibiti mwaka 1999, Georgia ikafuata mwaka 2002, na mengine yakaja nyuma yao. Hiyo haishangazi sana. Mtu akifukuzwa kwenye nyumba, analia kwa diwani wake na kwa mbunge wake wa jimbo. Hapandi ndege kwenda Washington.

Mwaka 2004 OCC ikatoa kanuni zilizosema kwamba sheria nyingi za aina hiyo hazizihusu benki za kitaifa. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu ikaenda mbele zaidi: jimbo la Michigan lilizuiwa kuisimamia hata kampuni tanzu ya mikopo ya nyumba iliyomilikiwa na benki ya Wachovia. Yaani mlinzi wa getini aliambiwa akae pembeni, mwenye jukumu yuko ofisi kuu. Mwaka 2008 mfumo wa fedha ukaporomoka. Sababu zilikuwa nyingi na sitaki kuzirundika zote juu ya kanuni hizo. Lakini hoja ya kwamba Washington peke yake inatosha kuwalinda wakopaji ilibaki na kazi kubwa ya kujitetea.

Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ilirudi nyuma hatua moja. Mwanasheria Mkuu wa New York alitaka kuchunguza kama mabenki yalibagua watu kwa rangi katika mikopo ya nyumba. Mahakama ilisema hawezi kuidai benki ya kitaifa vitabu vyake kana kwamba yeye ndiye msimamizi wake, lakini anaweza kuipeleka mahakamani ikivunja sheria halali ya jimbo.

Mwaka uliofuata ikaja sheria kubwa iitwayo Dodd-Frank, iliyounda ofisi mpya ya shirikisho ya kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha, CFPB. Wazo lake lilikuwa limetolewa mwaka 2007 na Elizabeth Warren, wakati huo akiwa profesa wa sheria Harvard. Ofisi ilifungua milango Julai 2011. Kazi zake ni kutunga kanuni, kukagua makampuni, kupokea malalamiko na kushtaki.

Wengi wakiitaja Dodd-Frank wanaishia kwenye ofisi hiyo. Mimi naona ya muhimu zaidi ni mambo matatu ambayo sheria hiyo iliyarudisha kwa majimbo. Kwanza, ulinzi wa shirikisho ni kiwango cha chini. Jimbo likitaka kumlinda mwananchi wake zaidi, ruksa. Pili, kampuni tanzu haziwezi tena kujificha chini ya mwavuli wa benki mama, na sheria ya jimbo ya kumlinda mteja haiwezi kuwekwa kando kwa urahisi. Kwa kawaida lazima ionekane kwamba inaizuia benki au inaiingilia kwa kiasi kikubwa katika kazi zake. Tatu, Mwanasheria Mkuu wa jimbo anaweza kuitumia sheria hiyo ya shirikisho yenyewe kushtaki.

Hata hivyo sheria hiyo hiyo iliinyima CFPB kitu kimoja: mamlaka ya kuweka ukomo wa riba kwa watu wote. Hapo ndipo tunapopata jibu la New York na Texas. Ukomo wa riba umebaki mikononi mwa majimbo, na kila jimbo lina lake. Kuna kundi ambalo Washington imeliwekea ukomo: wanajeshi walioko kazini na familia zao. Kwa mikopo mingi wanayochukua, sheria ya mwaka 2006 inasema riba isizidi asilimia 36. Kwa hiyo askari anayeishi Texas amelindwa, na mwalimu wa shule ya jirani anayefundisha watoto wake hajalindwa.

Deni la wanafunzi

Sasa tuje kwenye linalotugusa zaidi, mikopo ya elimu ya juu. Marekani, mikopo mingi ya wanafunzi inatolewa na serikali ya shirikisho, lakini kazi ya kukusanya marejesho wanapewa makampuni. Moja ya makampuni makubwa zaidi ilikuwa Navient. Januari 2017 CFPB iliishtaki, na jimbo la Illinois na jimbo la Washington nayo yakaishtaki. Tuhuma ilikuwa hii: mhitimu aliyeshindwa kulipa alikuwa na haki ya kuhamia mpango wa kulipa kulingana na kipato chake, badala ya kumweleza hilo, kampuni ilimsukuma asimamishe malipo kwa muda, huku riba ikiendelea kuongezeka kimya kimya. Navient ilikana.

Mwaka 2018 Wizara ya Elimu ya shirikisho ikatangaza msimamo kwamba majimbo hayana mamlaka ya kusimamia wakusanyaji wa mikopo ya shirikisho. Unaona mchezo ule ule wa 2004? Lakini safari hii haukupita. Mwaka 2019 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko Chicago, katika kesi iliyohusu kampuni nyingine ya aina hiyo, ilisema mkopaji aliyepewa maelezo ya uongo anaweza kushtaki kwa kutumia sheria za jimbo lake.

Januari 2022 Navient, bila kukiri kosa, ilikubaliana na majimbo 39 katika makubaliano ya thamani ya dola bilioni 1.85. Sehemu kubwa ya thamani hiyo ilikuwa kufuta mikopo binafsi ya watu wapatao 66,000. Kesi ya CFPB ilikuja kumalizika mwaka 2024, kwa dola milioni 120 na kampuni kuzuiwa kukusanya mikopo ya wanafunzi ya shirikisho. Kama majimbo yangekaa kimya yakisubiri Washington imalize, watu hao 66,000 wangeendelea kudaiwa.

Je, walinzi wawili si fujo?

Mabenki yana hoja yao, na si ya kupuuzwa. Kampuni inayofanya kazi nchi nzima inatakiwa kufuata sheria 50 tofauti, iajiri wanasheria, ibadilishe fomu kila ikivuka mpaka, na mwisho gharama inamrudia mteja. Sheria moja ni rahisi kuielewa, hata kwa mkopaji mwenyewe.

Ni kweli. Lakini mlinzi mmoja ana udhaifu wake: akilala, akinunuliwa au akiamriwa aondoke, mlango unabaki wazi. Februari 2025 kaimu mkuu wa CFPB aliwaamuru wafanyakazi wasimamishe karibu kazi zote. Julai mwaka huo huo Bunge likashusha ukomo wa fedha ambazo ofisi inaweza kuchukua, kutoka asilimia 12 ya gharama za uendeshaji za benki kuu hadi asilimia 6.5. Kwa mkopaji wa kawaida, mlango uliobaki wa uhakika zaidi ni wa jimbo lake. Na hapo bahati yake inategemea anaishi wapi. Jimbo lenye Mwanasheria Mkuu mkali litamsaidia. Jimbo lisilojali halitafanya kitu. Tena hata jimbo kali kiasi gani haliwezi kushusha riba ya kadi ya benki iliyojisajili South Dakota.

Kwa hiyo ubishi wa "nani ana mamlaka" unaoonekana kama wa wanasheria tu, mara nyingi ni ubishi wa kama mtu atalindwa au hatalindwa. Anayesema "hii ni kazi ya Washington" muulize Washington inafanya nini siku hiyo. Anayesema "tuwaachie majimbo" muulize habari za jimbo lisilotaka.

Sisi Tanzania tuna muundo tofauti kabisa. Mambo ya benki ni ya Muungano, na Benki Kuu ni moja kwa Bara na Zanzibar. Faida yake ni kwamba unajua pa kwenda, na hakuna benki inayoweza kuhamia mkoa mwingine kukimbia sheria. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zinakopesha mtandaoni bila leseni, na tangazo hilo lilihusu nchi nzima. Hasara ni ile ile ya mlinzi mmoja: akichelewa, hakuna wa pili wa kumgongea.

Wengi wetu tunaosoma ualimu tutapangiwa vituo vya mbali, na mkopeshaji atatufikia kabla hata mshahara wa kwanza haujaingia, akidai tumwachie kadi ya benki kama dhamana. Siku hiyo usiulize tu "nitapata shilingi ngapi". Uliza riba ni asilimia ngapi kwa mwaka. Uliza leseni yake imetolewa na nani. Na uliza ukidhulumiwa utakwenda kugonga mlango gani, na kama usipofunguliwa, ni upi wa pili. Akishindwa kujibu maswali hayo, beba kadi yako uondoke.