Darubini ya Angani: Mlango U Wazi kwa Mwenye Swali Jema

Mnamo tarehe 25 Desemba, 2021, roketi ya Ariane 5 iliruka kutoka Kourou, katika Guiana ya Ufaransa, ikiwa imebeba darubini iitwayo James Webb. Kioo chake kina upana wa meta 6.5, nayo hufanya kazi umbali wa kilometa milioni 1.5 kutoka duniani. Gharama zake zilibebwa na Marekani, nchi za Ulaya na Kanada. Hata hivyo, mtaalamu wa nyota wa taifa lolote aruhusiwa kuomba saa za kuitumia.

Maombi hupelekwa kila mwaka kwenye taasisi ya darubini za angani iliyoko Baltimore, Marekani. Mwombaji hueleza atakachotazama, sababu yake, na muda anaouhitaji. Kisha kamati za wanasayansi huyapima. Ushindani ni mkali: mwezi Oktoba, 2024, yalipokewa maombi 2,377, na saa zilizoombwa zilizidi zilizokuwapo takriban mara tisa.

Majina yafichwa

Zamani wapimaji waliyaona majina ya waombaji. Mwaka 2018, kwa darubini ya Hubble iliyorushwa mwaka 1990, majina na vyuo vilianza kufichwa, ili hoja ipimwe kwa uzito wake. Mwaka huo maombi yaliyoongozwa na wanawake yalifaulu kwa kiasi kilichozidi kidogo yale ya wanaume, tofauti na ilivyokuwa miaka iliyotangulia. Webb nayo ilifuata utaratibu uo huo.

Aliyekosa hakufungiwa

Kwa kawaida, matokeo hubaki kwa mwombaji kwa miezi 12, kisha hufunguliwa kwa watu wote bila malipo. Mwaka 1995 Robert Williams, aliyekuwa mkurugenzi wa taasisi hiyo, alizitumia saa alizopewa kwa cheo chake kuielekeza Hubble, kwa siku kumi, mahali padogo pa mbingu palipodhaniwa kuwa patupu. Hapo zikaonekana galaksi zipatazo 3,000. Badala ya kujiwekea hazina hiyo, aliitoa kwa wanasayansi wote papo hapo.

Basi mzazi mwenye mtoto apendaye hesabu na fizikia asimvunje moyo kwa kuwa nchi yake haina roketi. Amhimize asome kwa bidii, ajifunze kuuliza swali lililo wazi na kulitetea kwa hoja. Kwani kwa swali la namna hiyo saa za darubini hupatikana.