MWIZI WA MTANDAO HUPIGA HODI

Zamani mwenye nyumba alihesabiwa kuwa amejilinda akiwa na kufuli imara, taa ya nje na jirani mwema. Mambo hayo matatu yangali ya lazima, lakini siku hizi hayatoshi. Simu na kompyuta zimeingia katika nyumba za kambini, katika makazi ya polisi na katika nyumba za raia kote Uganda. Kwa vyombo hivyo watu hutumiana pesa, hulipa karo za watoto, na askari aliye kazini mbali husemezana na jamaa yake. Na mahali palipo na fedha na siri, mwizi hakosi kufika.

Watu wengi humdhania mwizi huyo kuwa ni bingwa wa elimu ya kompyuta, avunjaye kila kizuizi kwa hesabu ngumu. Mabingwa wa namna hiyo wako, lakini aghalabu hawajishughulishi na akiba ya mama wa nyumbani. Anayezisumbua nyumba nyingi ni yule anayepiga hodi kwa adabu, akaomba kufunguliwa, naye akafunguliwa. Mfano ulionekana mwanzoni mwa Mei 2000, ilipoenea barua pepe iliyoanzia Ufilipino, yenye kichwa cha maneno ya Kiingereza yaliyomaanisha "Nakupenda". Ndani yake mlikuwa na kiambatisho chenye virusi. Kila aliyekifungua kwa hamu ya kujua ni nani ampendaye, mafaili yake yaliharibiwa, na barua ile ile ikapelekwa kwa watu wote waliomo katika orodha yake ya anwani. Hata Bunge la Uingereza lilifunga kwa muda mfumo wake wa barua pepe. Hakuna mlango uliovunjwa. Yote yalifunguliwa kwa mkono wa mwenyewe.

Tarakimu sita

Mtu anapoanza kutumia WhatsApp katika simu mpya, hupelekewa tarakimu sita ili kuthibitisha kwamba namba ile ni yake. Mwizi huiandika namba ya mtu mwingine katika simu yake mwenyewe, kisha humwandikia mwenye namba, mara nyingi kwa jina la rafiki ambaye akaunti yake imekwisha kuibwa: "Tarakimu zangu zimekuja kwako kwa makosa, tafadhali nirudishie." Anayezitoa huweza kunyang'anywa akaunti yake papo hapo, na mwizi akaanza kuwaomba jamaa na wenzake wa kikosi mkopo kwa jina lake.

Kanuni ni moja: tarakimu za uthibitisho hazipewi mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa mfanyakazi wa benki, wa kampuni ya simu, au mkubwa wa kazi. Zaidi ya hayo, katika mipangilio ya WhatsApp iko sehemu ya uthibitisho wa hatua mbili, ambamo mwenye akaunti hujiwekea namba ya siri ya pili. Kazi hiyo ni ya dakika chache tu.

Haraka ni silaha ya mwizi

Katika pesa za simu, hila iliyozoeleka ni ya pesa "zilizokosea njia". Ujumbe unaofanana na ule wa kampuni huingia ukisema kiasi fulani kimepokelewa. Mara simu inalia, na sauti ya huzuni inaeleza kwamba pesa hizo ni za mgonjwa, zirudishwe upesi. Yafaa kwanza kutazama salio lenyewe, si ujumbe. Ikiwa hakuna kilichoongezeka, hakuna cha kurudisha. Na ikiwa kweli pesa zimeingia, aliyekosea aelekezwe kwa kampuni yake ya simu ishughulikie jambo hilo.

Jamaa za askari wana hatari ya pekee. Tangu 2007 wanajeshi wa Uganda wamekuwa wakipelekwa Somalia chini ya Umoja wa Afrika, na wake zao wanajua maana ya kukesha kwa kungoja habari. Sauti ngeni ikisema usiku kwamba mume ameumia na zatakiwa pesa za matibabu, moyo hutangulia akili. Isitoshe, siku hizi programu za kompyuta zaweza kuiga hata sauti ya mtu. Kwa hiyo, kabla baba au mama hajaondoka kwenda kazini mbali, yapasa wakubaliane swali moja ambalo jibu lake linajulikana nyumbani tu, na iachwe namba ya ofisini ya kupiga ili kuhakikisha. Anayemkataza mtu kukata simu na kuhakikisha, huyo ndiye wa kutiliwa shaka.

Neno la siri

Neno la siri lisiwe jina la mtoto, mwaka wa kuzaliwa wala namba ya kazi, kwa kuwa hayo yanajulikana kambini kote. Urefu una nguvu kuliko alama za ajabu. Maneno manne yasiyohusiana, kama vile kibuyu, treni, Jumatano, mchicha, ni rahisi kukumbuka na ni magumu kukisiwa. Ila hayo yamekwisha chapishwa gazetini, basi kila nyumba itunge yake. Barua pepe iwe na neno lake pekee, kwa maana anayeishika barua pepe ya mtu huweza kubadili maneno ya siri ya mambo yake mengine mengi. Asiyeiamini kumbukumbu yake na aandike katika daftari lililofungiwa sandukuni.

Viraka vya programu

Tarehe 12 Mei, 2017 virusi vilivyoitwa WannaCry vilianza kuenea, vikaziingia kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, vikayafunga mafaili na kudai fidia. Hospitali za Uingereza ziliahirisha matibabu ya maelfu ya wagonjwa. Lakini kampuni ya Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha kuziba tundu hilo mwezi Machi mwaka huo huo. Waliodhurika walikuwa hawajakiweka.

Basi simu au kompyuta inapoomba kusasishwa, isiahirishwe wiki baada ya wiki. Anayenunua kompyuta iliyokwisha tumika akumbuke kwamba tarehe 14 Oktoba, 2025 Microsoft ilimaliza huduma yake ya kawaida kwa Windows 10. Aulize kwanza kama chombo hicho chaweza kupokea toleo jipya. Nazo picha na hati za jamaa zinakiliwe katika diski ya pembeni, kisha diski ichomolewe na kuwekwa mahali pakavu.

Picha na mahali

Mnamo Novemba 2017 kampuni ya Strava ilitoa ramani ya dunia yenye njia za watu waliofanya mazoezi huku simu au saa zao zikirekodi mwendo. Januari 2018 iligunduliwa kwamba katika maeneo yenye giza, kama vile Syria na Afghanistan, mistari ing'aayo ilikuwa ikionyesha kambi za kijeshi na njia za askari ndani yake. Mwezi Agosti mwaka huo Wizara ya Ulinzi ya Marekani ikawakataza watumishi wake kutumia vifaa vya kuonyesha mahali walipo katika maeneo ya operesheni. Hakuna askari aliyekusudia kutoa siri. Alikuwa anakimbia tu asubuhi. Vivyo hivyo, picha ya mtoto aliyesimama mbele ya lango la kambi, au salamu za "safari njema" zenye tarehe ya kuondoka kikosi, humfikia rafiki na adui kwa pamoja.

Aibu isimsaidie mwizi

Likishatokea la kutokea, neno la siri libadilishwe kwa kutumia chombo kingine, benki au kampuni ya simu ipigiwe mara moja, marafiki waonywe, na taarifa ipelekwe polisi pamoja na ujumbe wote bila kufuta kitu. Saa za kwanza ndizo zenye faida.

Lakini watu wengi hunyamaza. Afisa huona haya kusema kwamba amedanganywa. Mtoto huogopa fimbo, akaficha kwamba mtu asiyemjua anamtisha kwa picha. Katika ukimya huo mwizi hupata nafasi ya kumdhuru mtu wa pili na wa tatu. Mzazi mwenye busara humwambia mtoto mapema kwamba akija na habari mbaya atasikilizwa kwanza, bila kupigwa. Na katika kikosi, askari anayewasimulia wenzake jinsi alivyodanganywa amewalinda wote.