Windows ya Zamani Ilihifadhiwa Wapi?

Agosti 1871 mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alikuwa Unyanyembe, akielekea Ujiji kumtafuta mpelelezi David Livingstone. Mtemi Mirambo alikuwa ameifunga njia ya magharibi. Stanley akaungana na Waarabu wa Tabora kwenda kumpiga, wakapigwa wao. Akarudi Kwihara, kilomita chache kutoka Tabora, na tarehe 20 Septemba akaondoka tena, safari hii akizungukia kusini. Hakulazimika kurudi hadi Bagamoyo alikoanzia safari, kwa kuwa vitambaa, shanga na nyaya, fedha za njiani za zama hizo, alikuwa ameviacha ghalani Kwihara.

Fundi wa kompyuta wa Tabora ya leo, mteja anapomwambia "nirudishie Windows yangu ya zamani", naye huulizia ghala: hiyo ya zamani ilihifadhiwa wapi? Swali hilo limeongezeka uzito tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipositisha huduma za kawaida kwa Windows 10. Mwenye duka la steshenari anapandisha mashine kwenda Windows 11, kesho yake inakuwa nzito, au printa haitambuliki, na wateja wamejaa mlangoni.

Kurudisha mafaili mawili matatu hakutoshi. Mfumo endeshi una maelfu ya mafaili yanayotegemeana: kiini, draiva za vifaa, na daftari kuu la mipangilio. Draiva iliyoundwa kwa kiini kipya inaweza kuuangusha mfumo wa zamani. Programu nayo ikishabadilisha muundo wa data zake, toleo la nyuma huenda lisiweze kuzisoma tena. Ama urudi na mfumo mzima, ama usirudi.

Windows hulitatua hilo kwa kutofuta cha zamani papo hapo. Wakati wa kupanda toleo, folda za mfumo wa awali huhamishiwa kwenye folda iitwayo Windows.old, ndani ya diski ileile. Kinachobadilika zaidi ni anwani kwenye orodha ya diski, data zenyewe hubaki zilipo, ndiyo maana kazi hiyo haichukui muda mrefu. Kwa siku 10 mtumiaji anaweza kuingia kwenye mipangilio na kuamuru kurudi. Nyaraka na picha zake kwa kawaida hubaki, ila programu alizoweka baada ya kupanda huondoka. Siku hizo zikiisha, Windows huifuta folda ili kuokoa nafasi. Muda unaweza kurefushwa hadi siku 60, mradi amri itolewe kabla zile 10 hazijapita. Baada ya hapo kilichobaki ni kupiga Windows upya kwa flashi, na programu zote kuwekwa moja moja.

Simu nyingi za Android zina mbinu nyingine, iliyoanza na toleo la 7.0 mwaka 2016. Hifadhi ya mfumo hugawanywa sehemu mbili. Unapotumia ya kwanza, sasisho huandikwa kwenye ya pili, na simu ikizimwa na kuwashwa huhamia huko. Ikishindwa kuwaka baada ya majaribio kadhaa, hurejea yenyewe ilikotoka. Lakini toleo jipya likishakubali, simu nyingi hukataa kuwekewa toleo lenye tundu la usalama lililokwisha kuzibwa, hata kwa fundi hodari wa kuflashi.

Ukali huo una sababu. Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha tundu moja la Windows. Mei mwaka huohuo kirusi cha WannaCry kikapitia tundu hilohilo na kuzifungia data kompyuta duniani kote zilizokuwa hazijawekewa kiraka. Anayerudi nyuma anarudi pia na matundu ya wakati ule.

Kuchelewa kurudi nyuma nako kuna gharama yake. Tarehe 19 Julai 2024, saa 1:09 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ya CrowdStrike ilituma sasisho bovu la programu yake ya ulinzi. Baada ya dakika 78 ikalirudisha nyuma. Hata hivyo, kompyuta zipatazo milioni 8.5 za Windows zilikuwa zimeathirika, na nyingi hazikuwaka kiasi cha kuweza kupokea marekebisho kwa intaneti. Mafundi ikabidi waziendee moja moja, waziwashe katika hali salama na kufuta faili lenye kasoro.

Basi kabla ya kubonyeza kitufe cha kusasisha, nakili nyaraka kwenye diski ya nje, weka draiva ya printa kwenye flashi, na usichague wiki ambayo shule zinachapisha mitihani. Kisha fungua faili moja la nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine. Lisipofunguka, sasisho lisubiri.