Tiba Ikiisha, Uuguzaji Huendelea: Mahitaji ya Wagonjwa wa Saratani Unguja

Mafanikio ya tiba ya saratani hupimwa kwa mashine, dawa na upasuaji, ilhali sehemu kubwa ya mzigo wa ugonjwa huo hubebwa nje ya wodi, jambo linalodhihirika katika bandari ya Malindi, Unguja, ambako wagonjwa wenye barua za rufaa hupanda boti kwenda Dar es Salaam. Upasuaji na tibakemikali, yaani dawa zinazoua seli za saratani, hutolewa katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, lakini kwa miaka mingi tiba ya mionzi imewalazimu Wazanzibari kuvuka bahari hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1996 katika hospitali iliyojengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19.

Boti za kasi huvuka kwa takriban saa 2, ila mgonjwa wa saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza miongoni mwa wanawake wa Tanzania, kwa kawaida huhitaji mionzi siku 5 kwa wiki kwa muda wa wiki 5 hivi, kisha mionzi ya ndani. Hata tiba inapolipiwa na Serikali, malazi, chakula na kipato cha muuguzaji aliyeacha biashara yake huiangukia familia.

Mahitaji ya aina hiyo ndiyo yanayoshughulikiwa na huduma saidizi, yaani msaada unaomfuata mgonjwa tangu anapopimwa hadi baada ya tiba. Margaret Fitch, muuguzi na mtafiti wa Kanada, aliyapanga mwaka 1994 katika mafungu saba: ya mwili, hisia, nafsi, taarifa, jamii, imani na mambo ya vitendo.

Katika Unguja mafungu hayo huingiliana. Mgonjwa anayetumia dawa kali mwezi wa Ramadhani, au aliyefunguliwa njia ya choo tumboni na anayetaka kujua namna ya kutia udhu, ana swali la mwili na la imani kwa wakati mmoja. Sheria ya dini ina rukhsa kwa wagonjwa, lakini ni daktari anayeweza kueleza madhara ya kufunga, hivyo daktari na sheikh wanahitaji kushauriana. Vilevile, mionzi ya nyonga inaweza kuusinyaza uke na kuleta maumivu katika ndoa, suala ambalo wanawake wengi huona haya kumwambia tabibu, na ambalo somo, mwanamke anayemfunza mwari mambo ya unyumba, angeweza kulizungumza kwa staha iwapo angepatiwa maarifa sahihi.

Maumivu makali nayo yana dawa, nayo ni mofini ya kunywa, nguzo ya huduma shufaa, yaani matunzo yanayolenga kuondoa mateso hata pale ugonjwa usipotibika. Katika visiwa ambavyo unga wa heroini umeharibu vijana wengi, familia kuihofia dawa hiyo ni jambo la kueleweka. Hata hivyo, ikitolewa kwa kipimo na kufuatiliwa na mtaalamu, ni nadra kumfanya mgonjwa mraibu wa dawa za kulevya, na haiharakishi kifo.

Aliyemaliza tiba bado huwa na mahitaji, kwani mkono huweza kuvimba baada ya tezi za kwapani kuondolewa, uchovu hudumu kwa miezi, na hofu ya ugonjwa kurejea huamshwa na kila kipimo. Kwa hiyo mgonjwa anaporudi Unguja anastahili barua inayoeleza tiba aliyopata, dalili za hatari na tarehe za uchunguzi. Mpango wa Jamii ni Afya, ambao wahudumu wake wa kujitolea huzitembelea kaya katika shehia, hasa kwa ajili ya mama na mtoto, umethibitisha kwamba huduma inaweza kufika mlangoni. Wahudumu hao wakifunzwa kutambua maumivu, uvimbe na huzuni iliyopindukia, rufaa itakuwa na njia ya kurudi, na familia haitaachiwa peke yake kazi ambayo ni haki ya mgonjwa kutendewa na taifa zima.