Chombo Kichafu Huleta Wageni Waharibifu

Huenda ndugu msomaji akauliza: sisi wa Shelui, tulio mbali na pwani, yatuhusu nini mambo ya meli? Yatuhusu, na tena sana.

Chombo chochote kikaacho majini hushikwa na uchafu upande wa chini. Kwanza hufanya utelezi, kisha huota mwani, kisha hugandama kome na viumbe wengine wenye magamba. Uchafu huo hukipunguzia chombo mwendo na kukiongezea gharama ya mafuta. Lakini dhara kubwa zaidi ni kwamba viumbe hao husafiri pamoja nacho. Nao wafikapo ugenini, wasipokuwapo wa kuwala, huzaana na kuwasonga wenyeji.

Mabaharia wa Pwani yetu waliijua dawa yake tangu zamani. Walikipandisha chombo mchangani, na maji yakipwa walikikwangua, kisha wakakipaka deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa. Siku hizi liko Shirika la Kimataifa la Bahari, ambalo mwaka 2011 lilitoa mwongozo wa usafi wa meli, na mwaka 2023 likautengeneza upya. Lashauri kila meli iwe na daftari la usafi wake, ikaguliwe, na takataka zikwanguliwazo zikusanywe.

Wala maziwa hayakusalimika. Mwaka 1988 kome wadogo wenye milia, asili yao Ulaya ya Mashariki, walionekana katika Maziwa Makuu ya Amerika ya Kaskazini. Waliletwa na maji ya farumi ya meli. Kisha mashua zilizobebwa kwa magari zikawapeleka katika maziwa mengine, wakaziba mabomba ya maji. Nasi twalikumbuka gugu maji, asili yake Amerika ya Kusini, lililofunga bandari za Ziwa Viktoria na kuwazuia wavuvi katika miaka ya 1990. Fukusi walioletwa makusudi walilipunguza, lakini halikwisha.

Basi, barabara iendayo Mwanza yapita hapa Shelui, na wavuvi wa Ziwa Kitangiri ni ndugu zetu. Mtumbwi au wavu uliotumika Ziwa Viktoria usiingizwe Kitangiri kabla ya kutendewa mambo matatu: uondolewe kila jani na kila kome, maji yote yaliyosalia yamwagwe nchi kavu, kisha uanikwe juani hata ukauke kabisa.

Enyi vijana, kazi hii haitaki fedha. Ziwa ni la jirani zetu wote, na kumdhuru jirani kwa uzembe ni dhuluma vilevile. Kuusafisha mtumbwi ni kazi ya siku chache. Kuling'oa gugu ziwani ni kazi ya miaka.